Ndege Nyeupe Iliyopakwa Kijani

Mama yangu hakuwa amewahi kuona ndege ikiwa imesimama. Alizoea kuziona zikipita juu sana ya shamba letu la mahindi kule Likuyani, ndogo kama punje. Kwa hiyo siku Kapteni Rashidi alipotua kwenye uwanja mdogo wa Kakamega kuja kunichukua, mama alishuka nami mpaka mjini, amevaa rinda lake la kanisa, na kikapuni ana kuku aliyefungwa miguu.

Mavuno yalikuwa yamekwisha na likizo yangu pia. Nilikuwa narudi kazini Sudan Kusini, kwenye hospitali ya misheni ambako nilikuwa mkunga. Kapteni Rashidi ndiye aliyekuwa rubani wetu. Alikuwa ameipeleka ndege Nairobi kukaguliwa, na wakati wa kurudi akaona haimgharimu kitu kupitia kwetu, maana naye ni mtu wa hapa. Kwao ni Mumias.

Mama aliizunguka ndege polepole. Ilikuwa ya injini moja, mabawa juu, viti sita, nyeupe yote isipokuwa alama ya hospitali ubavuni. Akaigonga kwa kidole.

"Ni bati hii," akasema.

"Ni bati, mama," Kapteni akakubali.

"Na inabebanga watu mpaka Sudan?"

"Inabebanga. Siku zingine hata mbuzi."

Mama akafikiri kidogo, kisha akamtoa yule kuku kikapuni na kumkabidhi. Alikuwa ameniuliza nyumbani, nikamwambia rubani ni Mwislamu, kwa hiyo hakutaka kumchinja asije akamharibia chakula. "Hii ingokho ni yako, mwanangu. Utaichinja wewe mwenyewe. Na huyu Nekesa umrudishe jinsi ulivyomchukua."

"Inshallah, mama," Kapteni akasema, akampokea kuku kwa mikono miwili.

Tuliruka kuku akiwa miguuni pangu. Tulipitia Lokichoggio, karibu na mpaka, kugongesha pasipoti, na jioni tulikuwa Panwel. Kuku akaliwa.

Panwel ulikuwa mji wa nyumba za nyasi, soko, shule moja na hospitali yetu. Nilitibu malaria, nilizalisha, nilichanja watoto. Kazi niliyoshindwa nayo ilikuwa ya kisu. Daktari wa upasuaji aliyekuwa karibu alikaa Tharkoi, ng'ambo ya kinamasi. Mtu mzima mwenye nguvu alivuka kinamasi kile kwa siku kadhaa, maji yakimfika kifuani. Ndege ilikivuka katika muda wa kusonga ugali na kuchemsha mboga.

Ndiyo maana watu waliipenda. Injini yake ilikuwa na kikohozi kidogo Kapteni alipopunguza moto ili ashuke, na kila mtu, kwetu na Tharkoi, alikijua. Kabla hujaiona angani ungeona watu wamekwisha kubeba wagonjwa wao kwenye vitanda vya kamba, wanakimbilia uwanjani. Naye alikuwa na desturi ya kuyumbisha mabawa, kushoto na kulia, kuwasalimia. Nilimwambia siku moja kwamba anapoteza mafuta. Akasema, "Sister, huwezi kuingia kwenye boma la mtu bila hodi."

Habari za vita tulizisikia redioni kwa muda mrefu kabla vita haijafika. Ilikuwa mbali, halafu ikawa kwenye mji ambao tulijua jina lake, halafu ikawa kwa jamaa za wafanyakazi wetu.

Asubuhi moja ikafika.

Tulilala sakafuni wodini, wagonjwa na wauguzi pamoja. Risasi zilipita juu ya bati. Mtoto mmoja alilia, mama yake akamziba kwa titi.

Kisha kukawa kimya.

Sitasema walioushika mji walikuwa wa upande gani. Pande zote zilikuwa na bunduki zile zile, na sisi tuliokuwa sakafuni hatukuuliza. Kiongozi wao waliyemwita Meja aliingia wodini akiwa amevua kofia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kitale, alikosomea.

"Habari ya asubuhi, Sister. Ni nani anaendesha ndege?"

Kapteni Rashidi alisimama kabla sijajibu. "Ni mimi."

"Kuanzia leo inafanya kazi yetu. Na wewe pia."

"Ndege ni ya hospitali, mkubwa. Ni ya wagonjwa."

"Hospitali iko ndani ya mji," Meja akasema, "na mji ni wangu."

Hakupaza sauti. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuwa mtu wa kupaza sauti.

Shuleni kulikuwa na rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango. Wanajeshi waliichukua wakaipaka ndege kwa mifagio, mabawa, tumbo, na alama ya hospitali. Walipaka vibaya, na mahali pengine weupe ulionekana chini yake. Waling'oa viti vyote isipokuwa vya mbele wakavitupa nje ya hospitali. Wagonjwa wakaanza kuvikalia wakisubiri zamu. Bibi mmoja aliyekuja kutibiwa kikohozi alijifunga mkanda kila alipoketi, kwa kuwa aliwahi kuona watu wakifanya hivyo.

Mwanzoni ndege ilibeba masanduku ya risasi ikienda, na majeruhi ikirudi. Majeruhi niliwatibu. Siku zote palikuwa na askari ameketi kando ya Kapteni na bastola, na siku zote sisi wengine tulikuwa Panwel, nyuma yake. Angeweza kuigeuza pua ya ndege kusini akafika Kenya. Nilimwambia.

"Ukipata nafasi, nenda. Usituangalie sisi."

"Niende, halafu nimwambie nini mama yako?" akasema. "Na nilikula kuku wake."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Alasiri moja alirudi akaketi kwenye kimoja cha vile viti nje ya hospitali. Sikumwona akija kula. Nikampelekea chai. Hakuigusa.

"Leo waliondoa mlango," akasema.

"Mlango gani?"

"Wa ndege. Wanachukua mitungi ya gesi, wanaijaza baruti na misumari. Tukiwa juu wanaisukuma kwa mguu."

"Wanasukumia wapi?"

"Popote penye moshi wa jikoni. Upande wa Tharkoi, kwa adui zao, kwenye kambi za ng'ombe wanakolala wafugaji."

Niliketi kwenye kiti cha pili. Kapteni aliendelea kutazama mikono yake.

"Nilipinda. Nikasema ni upepo. Mtungi wa kwanza ukaingia majini. Yule mtu akaniwekea bastola hapa." Akagusa shingo. "Wa pili sijui uliangukia wapi."

"Hukuona?"

"Niliona moshi mwingine. Mweusi."

Aliondoka kwenda kutawadha. Alitawadha, akamaliza, akaanza tena. Nilikuwa dirishani nikikunja bandeji, nikamwona akirudia mpaka maji ya birika yakaisha, akabaki amechuchumaa na birika tupu mkononi.

Baada ya hapo walikwenda mara nyingine, na nyingine. Kila alipoweza alipinda, na kila alipoambiwa anyooshe, alinyoosha. Aliponielezea hakujitetea. Aliporudi Panwel hakuyumbisha tena mabawa. Watu wa mji wenyewe walianza kuingia ndani waliposikia kile kikohozi cha injini, ingawa ndege haikuwa na nia nao.

Ndipo alipoletwa Achol.

Alikuwa msichana wa mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Niliweka mkono tumboni nikajua. Mtoto alikuwa amelala upande, mkono wake umetangulia kutoka. Palihitajika kisu, na kisu kilikuwa Tharkoi.

Achol alikuwa mtoto wa dada yake Meja.

Nilikwenda kwa Meja mwenyewe. Alikuwa nje ya ofisi ya shule, ananyolewa ndevu.

"Huyu msichana atakufa," nilimwambia. "Hapa siwezi kumsaidia. Daktari wa Tharkoi anaweza."

"Tharkoi ni kwa adui."

"Tharkoi kuna chumba cha upasuaji."

Akamwashiria kinyozi asimame. Sabuni ikaanza kumkauka shavuni. "Dada yangu ndiye aliyenilea," akasema mwishowe, kana kwamba mimi ndimi niliyekuwa nakataa.

Akamwita Kapteni. Kapteni aliomba mambo mawili. La kwanza, tuwapigie Tharkoi redio, tuwaambie tunaleta mgonjwa. Meja akakataa, alisema redio husikiwa na kila mtu, na hatawaambia adui zake kwamba ndege imeondoka mjini. La pili, tusiende na askari.

"Wakiona bunduki ndani, tumekwisha," Kapteni alisema.

Meja alifikiri. "Nenda bila askari. Lakini usiporudi, watu wa hospitali wako hapa."

"Najua wako hapa," Kapteni akajibu. "Wamekuwa hapa siku zote."

Tulimlaza Achol sakafuni mwa ndege, juu ya godoro. Mimi nilivaa sare yangu nyeupe. Nilikuwa nimechukua shuka la hospitali nikitaka tulifunge kwenye bawa ili waone weupe, lakini Kapteni akasema upepo utalichana kabla hatujavuka uwanja. Alikwangua rangi ya kijani kwa ukucha pale ilipokuwa alama ya hospitali. Haikutoka. Akapanda.

Kulikuwa na jua zuri. Kinamasi kilimetameta chini yetu, na kulikuwa na ndege weupe wa majini wakiruka kwa makundi. Achol aliniuma mkono uchungu ulipompata. Mlango haukuwapo, upepo ulivuma ndani, nami nilimlalia ili asipate baridi.

Tulipoona mapaa ya Tharkoi, Kapteni akapunguza moto. Injini ikakohoa.

Niliwaona watu chini. Wanawake waliokuwa kwenye bustani kando ya uwanja waliinua vichwa. Halafu wakakimbia.

"Wanatukimbia," nikasema.

"Nawaona."

Akayumbisha mabawa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

"Watakumbuka," akasema.

Akazunguka uwanja mzima, chini kabisa, akiyumbisha. Nilimwona mwanamume mmoja amesimama peke yake kwenye nyasi, hakimbii.

Kisha nikasikia kama punje za mahindi zinamwagwa kwenye bati.

Matundu yalitokea ukutani, na mwanga ukaingia humo. Achol alikuwa chini yangu. Sikupigwa.

Kapteni alisema "Ah," kama mtu aliyejikwaa.

Hakusema lingine mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Alitua vizuri. Nataka hilo lijulikane. Alitua taratibu kama siku yoyote ya chanjo, akaiacha ndege ikimbie mpaka mwisho wa uwanja, karibu na hospitali, akazima injini kwa mkono wake.

"Shuka, Nekesa," akasema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. "Onyesha mikono. Waonyeshe mgonjwa."

Nilishuka na mikono juu, nikipiga kelele, "Daktari! Daktari!" Wanaume walitoka kwenye nyasi na bunduki zao. Mwanamke mzee akawapita wote akanijia usoni. Nilikuwa nimemzalisha binti yake kwenye safari moja ya chanjo. Akaniita kwa lugha yao, mkunga, akawageukia wale wanaume akawapigia kelele ambazo hazikuhitaji tafsiri. Wakaweka bunduki chini. Wao wenyewe ndio waliobeba godoro la Achol, mbio, mpaka chumba cha upasuaji.

Nilirudi kwa Kapteni. Alikuwa amepigwa kwenye kinena, mahali ambapo huwezi kufunga kamba ya kuzuia damu. Tulimlaza kivulini chini ya bawa, nikakandamiza kwa mikono yote miwili. Damu ilipita katikati ya vidole vyangu kama ambavyo nilijua itapita.

Alianza kutamka shahada. Katikati akakwama. Mimi ni mtu wa Kanisa, lakini nilikuwa nimeisikia kinywani mwake miaka mingi, kwa hiyo nikamtajia maneno yaliyobaki, moja moja, naye akayafuata mpaka mwisho. Kisha hakuwa na pumzi tena.

Daktari alimpasua Achol. Mtoto alitoka amekwisha kufa. Achol aliishi.

Kesho yake watu wa Tharkoi waliichoma ndege. Waliweka nyasi kavu ndani, wakawasha, wakasimama wakiangalia mpaka mabawa yakaanguka. Daktari aliniuliza kama nataka aende kuwazuia. Nikamwambia hapana.

Wenzetu wa Panwel hawakuguswa. Sijui kama ni kwa kuwa Achol alipona, au kwa kuwa Meja alikuwa na haraka ya kuondoka. Mji ulimponyoka muda mfupi baadaye. Wengi wao walitembea mpaka mpakani, na mimi nikatolewa kwa msafara wa magari. Kapteni tulikuwa tumemzika Tharkoi, kwa desturi ya dini yake kadiri tulivyoijua.

Nilifanya kazi kwa muda kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kabla ya kurudi nyumbani. Siku moja mwanamume alikuja kufungwa kidonda cha mguu. Jina lake Majok. Alinitazama nikisafisha kidonda, kisha akasema kwa Kiswahili cha kambini, "Wewe ulishuka kwenye ndege. Mimi nilikuwa pale, kwenye nyasi. Sikukimbia."

Mikono yangu ikaacha kazi.

"Niliona akiyumbisha mabawa," akasema. "Nilikumbuka salamu yake. Nikafikiri ni ujanja, nikapiga. Ndege hiyo ilikuwa imeniulia mtoto. Alikuwa msichana, alikuwa anaota moto. Nilisikia ile injini ikikohoa, kisha ule mtungi."

Nilimaliza kumfunga. Nilimpa dawa na kumweleza jinsi ya kuzinywa, naye akasikiliza kwa makini, akarudia maelezo yangu ili nijue ameshika. Alipofika mlangoni nikamwuliza mtoto aliitwa nani. Akaniambia.

Sasa nafanya kazi katika zahanati huku Chekalini, na nikitoka nalima. Watu wakijua nilikuwa wapi huniuliza nani alikuwa mbaya. Swali hilo silijibu vizuri. Naweza kuwatajia mtu aliyechukua ndege ya wagonjwa na kuifanya silaha, na huyo ndiye ninayemlaumu. Lakini kuna mtu mwema aliyeiendesha, na kuna baba aliyempiga mtu huyo, nami siwezi kuwaweka wote kwenye mizani nikasema huyu na huyu.

Mara tu niliporudi nyumbani nilikwenda Mumias, kwa Zubeda, mjane wa Kapteni. Alinipokea kwa salamu, akanitandikia mkeka, akaniletea chai. Alikuwa ameambiwa mumewe alipigwa risasi akipeleka mgonjwa, na msikitini watu walikuwa wakimtaja kwa heshima. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba nitamweleza safari ile ya mwisho tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lakini dada, watu hupigaje ndege ya wagonjwa? Walikuwa watu wa namna gani?"

Hapo niliona kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimewafanya watu wa Tharkoi kuwa wanyama. Nikamweleza yote. Rangi ya kijani, mlango, mitungi.

Zubeda hakulia. Aliinamisha kichwa, ushungi ukamfunika uso.

"Alijua chini kuna watu?"

"Alijua. Alijaribu kuwakwepa. Hakuweza kila mara."

"Alikuwa analala?"

"Hakuwa analala."

Nje, trekta la miwa lilipita, na tulingoja sauti yake iishe.

"Hao waliokufa," akasema, "kuna unayemjua jina?"

"Mmoja tu. Mtoto. Aliitwa Abuk."

Zubeda aliinua mikono akaanza dua. Kiarabu sikijui, lakini nilisikia jina la Rashidi, na baada yake, bila kituo, nikasikia Abuk. Kisha akasita, akanigeukia.

"Binti wa nani?"

"Wa Majok."

"Abuk binti Majok," akasema polepole, apate kulishika. Akainua mikono tena, akaanza upya.